Nimelipa laki tatu na nusu nifundishwe Kihispania, mwalimu anasahihisha "suya" kuwa "suyo"!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha.

Naongoza watalii hapa Arusha. Kihispania nakitafuta kwa sababu ni mkate wangu. Juzi tumepewa jaribio: "La maleta de Juan es ___", yaani begi la Juan ni "lake". Nikajaza suya. Karatasi imerudi, kanipiga kosa kwa wino mwekundu, kaandika suyo, eti "kwa sababu Juan ni mwanamume".

Jamani! Juan hata awe na ndevu za kufika kiunoni, maleta ni neno la kike, kwa hiyo ni suya. Kinachofuatwa ni begi, si mwenye begi! Hili sisi tunalijua tangu utotoni: kitabu changu, vitabu vyangu, nyumba yangu. Nani amewahi kubadilisha "changu" kwa kuwa msemaji ni mwanamke? Wenzetu wana jinsi mbili tu, sisi tuna ngeli kibao na hatukosei. Lakini mwalimu anatupitisha kwenye his na her za Kiingereza, lugha inayomwangalia mwenye mali, halafu anatuona wazito.

Na su, lile neno fupi linalokaa mbele ya kitu, ndiyo imeniponza kabisa. Alitufundisha ni "yake", akafunga daftari. Hakusema kwamba ukiongea na mtu kwa heshima, kwa usted, su hiyo hiyo ni "yako", na tena ni "yao" na "yenu". Basi nipo uwanja wa ndege wa KIA, nimeshika begi la kijani, mbele yangu mzee na mkewe kutoka Mexico. Namuuliza mzee, "¿Es su maleta?", nikimaanisha "ni la mama?" Yeye kasikia "ni lako?" Akajibu no. Nikaliacha pale pale. Tumefika hotelini saa nne usiku, mama anatetemeka, dawa zake za presha zimo mle. Ningesema "¿Es de ella?", yaani ni la huyu mama, yasingetokea. Maneno mawili tu, de ella, ambayo miezi miwili darasani sijayasikia!

Halafu anatulazimisha kusema "lavo mis manos", naosha mikono yangu. Wenyewe wanasema me lavo las manos, kama sisi tunavyosema naosha mikono. Mikono ya nani tena?

Kesho naenda na karatasi yangu. Nataka alama yangu, na nataka asimame mbele ya darasa zima aifute ile suyo, maana wenzangu kumi na moja wameshaiandika kwenye madaftari yao.