Difyuza ya maji, ya kupuliza mafuta matupu au ya mshumaa? Nisaidieni kuchagua

Kipepeo_77
Wakuu, habari za wakati huu. Wiki hii nanunua difyuza ya chumbani (kile chombo cha kusambaza harufu ya mafuta ya mimea hewani) na nimekwama kati ya tatu: (a) ile ya maji inayotoa ukungu, (b) ile isiyotumia maji, unafunga chupa ya mafuta yenyewe inapuliza, (c) kibakuli cha udongo chenye mshumaa chini. Mafuta ninayo, lavenda na mkaratusi. Ipi ni salama na ipi ina faida zaidi? Asanteni.

fundi_koili
(c) itoe kabisa. Mkaratusi ukifika joto la nyuzi 49 hivi, mvuke wake unaweza kushika moto. Sasa weka mshumaa chini yake, pazia pembeni, na wewe umeshasinzia. Tujadili (a) na (b). Chumba kina ukubwa gani?

Mama_Pacha
Ukubwa wa chumba baadaye. Nani analala humo? Mtoto yupo? Mwenye pumu? Mjamzito? Mnyama? Hujataja hata kimoja halafu unauliza usalama. Usalama wa nani?

Kipepeo_77
Hahaha, samahani dada. Ni mimi na mume wangu, na kitanda cha mtoto kiko humo humo, ana mwaka mmoja na nusu. Mume ana pumu ila si kali, inhela anaishika mara moja moja.

Mama_Pacha
Eti "ila si kali". Bibie, huo mkaratusi upandishe kabati la juu, lenye kufuli. Mtoto mdogo ukimpaka au ukimvutisha karibu na pua anaweza kubanwa pumzi. Akimeza, hata kijiko kimoja cha chai kinaweza kumletea degedege na kumpotezea fahamu. Peremende nayo usimsogezee usoni, ni ile mentholi. Na ikitokea kameza usimtapishe, mafuta yanaweza kuteleza yakaingia mapafuni. Mbio hospitali, chupa mkononi waisome wenyewe.

Mzee_wa_Harufu
Jamani msimtishe mtu. Mimi nina (b) mwaka wa sita huu, sijawahi hata kupiga chafya. Lavenda ya kwenye (a) ni sawa na chai iliyoongezwa maji mara tatu. Ukitaka harufu ya mmea wenyewe, chukua (b), ukae nayo dakika kumi uone kama utamaliza sentensi kabla ya usingizi.

fundi_koili
Mzee, wewe unalala peke yako. (b) inapuliza mafuta matupu, haina maji ya kupunguza makali, na chupa ya mililita 10 inaisha unaiona. Mafuta mazito kama sandali yanaziba ule mrija wa kioo, kila mara unakaa na spiriti unazibua.

Lakini (a) nayo isiuzwe kama malaika. Kile kisahani cha chini kinachotetemeka ndicho moyo wake. Maji yenye madini yanakiachia ukoko mweupe mpaka ukungu unakata. Juzi nimefungua moja ya mteja, maji yamelala humo sijui wiki ngapi, kidole kilirudi na utelezi wa kijani. Hicho ndicho walichokuwa wanavuta. Mwaga maji kila ukizima, futa, acha wazi ikauke.

Jambo jingine ni plastiki. Mafuta ya chungwa na ndimu yana limonini, kemikali inayoyeyusha baadhi ya plastiki. Chukua kipande cha ile stairofomu nyeupe inayofungia tivii, dondoshea tone moja la mafuta ya chungwa, utaona linajichimbia shimo. Tangi la plastiki duni halitaki hayo mambo.

Nuru_wa_Ngozi
Nimesoma nikasema nipite kimya, nimeshindwa.

Mimi sikutumia difyuza, nilikuwa napaka. Kila usiku, kwa ncha ya pamba, lavenda tone moja nyuma ya kila sikio na moja kifuani. Matupu, kwa sababu niliambiwa lavenda haihitaji kuzimuliwa. Miezi mitano nalala kama mtoto. Chupa inakaa dirishani, kifuniko sikikazi, imebaki robo. Harufu ilishaanza kugeuka, inakaribia ya tapentaini, mimi nikajua ndiyo inakolea.

Mwezi wa sita nikaamka foronya ina madoa ya majimaji, nyuma ya masikio pamechubuka na panawasha mpaka unataka kulia. Na mimi kwa akili zangu nikapaka tena, si lavenda inatuliza ngozi? Siku ya tatu kope zimevimba, naona kwa tundu. Daktari wa ngozi akanibandika vibandiko mgongoni, nikakaa navyo siku mbili sigusi maji mgongoni. Jibu: mzio wa linalooli iliyochacha. Linalooli ni kiungo kikubwa cha lavenda, ikikaa na hewa inabadilika, na hicho kilichobadilika ndicho ngozi ilichokikataa.

Kilichoniuma ni kwamba hauondoki. Chupa imetupwa, mzio umebaki na mimi. Shampuu nasoma nyuma ya chupa kama mkataba wa nyumba. Juzi nimeketi karibu na mtu aliyejipulizia marashi, shingo ikaanza.

Mkipaka, zimueni kwa mafuta ya nazi au ya alizeti: matone 6 kwa mililita 30 ndiyo asilimia 1 hivi. Chupa iwe ya kioo cheusi, kifuniko kikazwe, ikae gizani penye ubaridi. Ikinuka tofauti, tupa.

Kipepeo_77
Pole sana dada Nuru. Yangu imeandikwa ni "daraja la tiba", hiyo si salama zaidi?

mfamasia_mstaafu
Hilo daraja hakuna mamlaka inayolitoa, muuzaji anajipa mwenyewe. Angalia jina la Kilatini. Lavandula angustifolia ndiyo hiyo ya watu wanaotaka usingizi. Ikiwa Lavandula latifolia, ina kafuri nyingi zaidi, si ya kumpelekea mtoto. Bila jina la Kilatini kabisa, huenda ni manukato ya kiwandani tu.

Na kwa kuwa aliuliza faida na hakuna aliyemjibu: lavenda kwa usingizi na wasiwasi inasaidia kiasi, ila tafiti nyingi ni ndogo. Jeli ya ti-tri (mafuta ya mti mmoja wa Australia) ya asilimia 5 ililinganishwa na dawa ya chunusi mwaka 1990, ilifanya kazi, polepole zaidi. Zaidi ya hapo usitegemee miujiza. Mwenye pumu, harufu yoyote kali inaweza kumwamsha usiku.

Mzee_wa_Harufu
Miujiza ipo. Yule mkemia Mfaransa, Gattefossé, aliungua mkono maabara mwaka 1910, akautumbukiza kwenye pipa la lavenda, ukapona bila kovu.

Mwalimu_Kamusi
Mzee, hilo pipa limeongezwa na wasimuliaji. Aliungua kweli, kidonda kikaingia uozo wa gesi (maambukizi yanayoozesha nyama), ndipo akakisafisha kwa lavenda. Hakukimbilia pipa.

Na tukiwa hapo, jina "mafuta muhimu" ninaloliona kwenye chupa ni tafsiri mbovu ya "essential oils" ya Kiingereza. Muhimu kwa nani? Maana yake ni kiini cha harufu ya mmea. Semeni mafuta tete, kwa kuwa yanaruka hewani.

fundi_koili
Ukienda dukani ukaomba mafuta tete watakuonyesha mlango.

PakaWatatu
Kipepeo, swali la Mama_Pacha kuhusu mnyama uliliruka. Una paka?

Kipepeo_77
Yupo mmoja. Lakini halali chumbani. Yaani, mlango tukisahau ndiyo anaingia miguuni.

PakaWatatu
Nilijua. Ini la paka halina vimeng'enya vya kutosha kuvunja hivi vitu. Ukungu unatua kwenye manyoya, naye kazi yake ni kujilamba kutwa. Ti-tri ndiyo mbaya kupita zote. Ukiona udenda, anayumba, anatetemeka, usisubiri asubuhi.

Mama_Pacha
Mtoto, pumu, paka. Dada, nunua feni.

Kipepeo_77
Jamani! Basi (a), niiweke sebuleni, matone 3 tu, nusu saa na dirisha wazi, mtoto akiwa nje na paka naye katolewa. Si itafaa? Ingawa (b) imeshushwa bei mpaka Jumapili...

Mzee_wa_Harufu
Chukua (b).

fundi_koili
Usichukue (b).

mtu_wa_kona
Samahani naingilia mada. Kuna panya kwenye dari yangu. Ni kweli wanakimbia mnanaa?

PakaWatatu
Kwangu wanakimbia paka.