Tairi inaenda mbele usukani umekaa upande, pikipiki ilitaka kulala. Nifungue nini?

boxa_ya_kibada
Wakuu habari za majukumu. Nina Boxer 150, juzi mvua imepiga huku Kigamboni nikawa naingia uchochoro wa nyumbani mdogo mdogo tu, tairi ya mbele ikateleza kwenye tope ikataka kulala kushoto nikaiwahi na mguu, chini haikufika ila ncha ya usukani ilijipigiza kwenye ukuta wa jirani kisawasawa. Usiku ule sikuona kitu. Asubuhi naenda kazini ndo nashangaa, barabara imenyooka, tairi imenyooka, ila mkono wa kushoto umerudi kwangu na wa kulia umeenda mbele kama vile nakata kona. Haivuti upande wala haitetemeki. Fundi wa kwanza kaniambia ninunue usukani na shokapu za mbele zote mbili, wa pili kasema panda tu utazoea. Sasa nimsikilize nani hapo?

spana_mkononi
Usimsikilize hata mmoja kwanza 😂 Mkuu hiyo mara nyingi hakuna kilichopinda. Shokapu za mbele zimebanwa juu na chini na vile vyuma viwili, pale zimeshikwa kwa kubanwa tu na bolti, kwaiyo usukani ukipigwa kwa pembeni mabomba yanajisokota kidogo humo ndani na kubaki hivyo hivyo. Kaa kwenye siti uangalie chini: usukani uko sambamba na kile chuma cha juu kinachoshika shokapu? Kama uko sambamba basi usukani mzima, kilichosokotwa ni shokapu. Kama hauko sambamba na chuma, hapo ndo shida iko kwenye vibanio vya usukani au usukani wenyewe umekunjika.
Afu tafuta kipande cha kioo kilichonyooka, kiegemeze kwa mbele kwenye mabomba yote mawili yale yanayong'aa. Kikikaa kimetulia yako sambamba, kikicheza cheza kona moja inanyanyuka basi yamesokotana, hakuna haja ya kubishana na fundi.

mchaga_wa_boda
Mnamzungusha bure kaka wa watu. Mwambie asimame mbele ya pikipiki abane tairi na magoti, ashike usukani huku na huku aupige mkiki mmoja urudi. Sisi kijiweni ndo tunavyofanya kila siku na hela haitoki.

spana_mkononi
@mchaga_wa_boda sikatai, ikiwa imepinda kidogo inarudi kweli. Ila bolti zikiwa zimekazwa vizuri unavuta inarudi nusu, ukiachia inaenda palepale, mwisho mnaitana watu wawili mnavuta mpaka mnaharibu kitu ambacho kilikuwa kizima. Kulegeza bolti ni kazi ya muda mfupi tu, magoti mbane baadae.
Mleta mada fanya hivi. Weka stendi kubwa ila hakikisha tairi ya mbele inagusa chini na inabeba uzito, maana ikiwa hewani ukalegeza kila kitu mabomba yanateleza na urefu unapotea. Legeza bolti za chuma cha chini kulia na kushoto, legeza za juu, na ile nati kubwa ya katikati, na nati ya ekseli, na bolti za madigadi. Nimesema legeza, usifungue zikatoka. Sasa ndo ubane tairi na magoti uuzungushe usukani taratibu, utasikia unakuja wenyewe bila kupigana. Pima tena na kioo. Vichwa vya shokapu juu viwe vimelingana pia, pitisha kidole utajua.
Kukaza: bana breki ya mbele ukandamize usukani shokapu ziingie na kutoka mara kadhaa ili kila kitu kikae, kaza ekseli, afu za chini, afu nati ya katikati, afu za juu. Ukimaliza mtu akandamize nyuma tairi ya mbele iwe hewani, geuza usukani, unatakiwa uanguke wenyewe kulia na kushoto bila kukwama. Shika shokapu kwa chini uvute na kusukuma, ikigonga ko ko beringi za steling zinacheza.

mama_delivari
Naongezea, msisahau nyaya jamani. Mimi ndugu yangu alinyoosha usukani vizuri kabisa, akikata kona yote kushoto pikipiki inapiga resi yenyewe, kumbe waya wa mafuta umebanwa kwenye taa. Washa ikiwa imesimama ugeuze mwisho huku na mwisho huku usikilize mlio kama unabadilika. Na ukikuta bomba la usukani lenyewe limekunjika nunua lingine, hao wanaochoma na gesi kisha wananyoosha na bomba kubwa mimi siwaelewi, chuma kikishakunjwa hivyo kimechoka na wewe ndo unakiegemea kwenye breki.

boxa_ya_kibada
Wakuu nimerudi. Kioo kilikuwa kinacheza kona ya juu, nikalegeza kama mkuu alivyosema, usukani umerudi wenyewe sikuamini, na yule wa shokapu mbili nimempita leo sikumsalimia 😅 Mwendo uko poa, steling inaanguka vizuri pande zote, mafuta hayabani. Kimebaki kitu kimoja, madigadi ya mbele imelalia upande inasugua tairi kwa kushoto, inatoa mlio wa shwa shwa.

spana_mkononi
Ulikaza madigadi kabla ya shokapu hiyo. Madigadi nayo inayashika yale mabomba pamoja, ukiianza inavuta. Legeza bolti zake zote, piga shokapu chini mara mbili tatu, iache ikae inapotaka ndo ukaze. Na bolti zote za leo zirudie baada ya kutembea kidogo, hasa za chuma cha chini.

mchaga_wa_boda
Sawa wataalamu, kesho naleta yangu mnibanie magoti.