Naomba ushauri: kiongozi wa waasi afe mapema?

Hamjambo ndugu zangu. Niko Kisumu, naandika hadithi ya sayari iliyotekwa na dola jipya la galaksi, na wenyeji wameanza kuasi. Nimejifunza mengi kwa Wanandi, waliong'oa nyaya za telegrafu za mkoloni wakazifanya mapambo, wakasumbua reli miaka nenda rudi. Kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa 1905 kwenye mkutano ulioitwa wa amani.

Hapo ndipo nilipokwama. Kiongozi wangu ameshanyoosha mkono kusalimia, na bastola iko chini ya joho la mgeni. Akifa sasa, sura ya tatu tu, uasi utabebwa na nani? Mkewe, au yule kijana mkata nyaya? Nisaidieni jamani, siku tatu sijaandika hata mstari.