Ghorofa 20 kando ya nyumba zetu Kileleshwa: naomba ushauri

Wakuu, naombeni ushauri. Hapa Kileleshwa, Nairobi, pametundikwa bango la jengo la fleti za kuuza, ghorofa 20, kwenye ploti iliyokuwa na nyumba moja na mijakaranda. Sipingi watu kupata makazi, mji lazima ukue. Lakini barabara yetu magari mawili yanapishana kwa shida, maji ya mfereji ni ya mgao, na mvua ikinyesha majitaka yanafumuka hadi langoni. Mwongozo wa zamani wa jiji uliruhusu ghorofa 4 tu huku. Majirani wamegawanyika, baadhi wanataka kuuza ploti zao. Je, tupeleke pingamizi kaunti na maoni NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira) sasa hivi, au tungoje leseni ya NEMA itoke tukate rufaa ndani ya siku 60? Waliopitia haya, mlitanguliza hoja gani?