Naomba ushauri: video nimerekodi mwenyewe Full HD, kwenye simu kama kioo, kwenye TV ukungu mtupu

Kijana wa Mwera: Wakuu, habari za majukumu. Niende kwenye mada. Nina video ya dakika 12 niliyorekodi mwenyewe kwa simu, Full HD. Kwenye simu iko safi, tena safi haswa. Nikiiweka kwenye flashi na kuichomeka kwenye TV yangu ya inchi 32, nyuso zinakatika vipande vipande kama sakafu ya vigae. Jumamosi kuna shughuli ya familia Pangani na watu kama 40 wataiangalia. Swali langu ni moja tu: nikichukua TV ya 4K inchi 55, picha itakuwa safi? Au flashi ndiyo mbovu? Usingizi sipati.

Mlalahoi Namba Moja: Chukua 55 mkuu, maisha yenyewe mafupi.

Fundi Redio: Flashi haitii ukungu, mkuu. Flashi nzito inafanya video ikwamekwame, basi. Hilo faili lina MB ngapi?

Ngosha wa Igoma: Mimi nasema ni waya. Wakati mitambo ya analojia inazimwa Dar, tarehe 31 Desemba 2012, nilikuwa Mbagala na TV ya chogo. Nikanunua king'amuzi, baadaye nikanunua na TV bapa, nikawaringia wapangaji wote. Karibu miaka mitatu nalipia chaneli za HD huku nimechomeka zile nyaya tatu: nyekundu, nyeupe, njano. Siku moja mtoto wa jirani, darasa la sita, akaniuliza, "Baba Neema, mbona hutumii waya wa HDMI, ule wa kupitisha HD?" Ile ya njano haibebi HD hata uibembeleze. Nilimpa soda nikamwambia asimwambie mtu.

Kijana wa Mwera: @Ngosha asante, ila mimi natumia flashi, hakuna waya. @Fundi ukubwa sijaangalia. Ni Full HD, niliseti mwenyewe. Mnisaidie kwenye TV tu.

Fundi Redio: Angalia ukubwa. Simu nyingi zikirekodi Full HD, dakika moja inakula kama MB 60 hadi 130, inategemea mfumo wa kubana. Dakika zako 12 ziwe na MB 700 kwenda juu. Bila hiyo namba tunapiga ramli.

Mama Junior 88: Hivi shughuli yenyewe ni ya nini mpaka mtu akose usingizi? Kama ni harusi, kodi projekta mambo yaishe.

Kijana wa Mwera: Sio harusi. Ni arobaini ya bibi yangu. Kwenye video ni yeye, amekaa barazani anataja ukoo, nani kamzaa nani, mashamba ya minazi yalipo. Faili ni MB 58.

Shekhe Mpole: Innalillahi wainna ilayhi rajiun. Pole sana kijana. Lakini nikuase kidogo: arobaini watu wanakusanyika kwa dua na kulisha, si kuangalia TV. Hiyo laki kadhaa ya runinga ungemtolea sadaka bibi yako, ingemfikia.

Mama Junior 88: Pole jamani. Ila shekhe, huyo bibi anataja mipaka ya mashamba. Kwetu Muheza tungekuwa na video kama hiyo, baba zangu wadogo wasingefikishana baraza la ardhi.

Fundi Redio: Pole mkuu. MB 58 kwa dakika 12 sio video uliyorekodi, ni kivuli chake. Hiyo imepita sehemu ikakamuliwa. Umeitoa wapi?

Kijana wa Mwera: Kwenye grupu la familia. Niliituma mwenyewe siku ileile, kwa hiyo ni ileile tu.

Fundi Redio: Siyo ileile. Ukituma kwenye grupu kama video ya kawaida, inabanwa ili ipite haraka. Nyingi zinashuka hadi nukta 848 kwa 480. Full HD ni 1920 kwa 1080, yaani nukta mara tano zaidi. Kwenye kioo cha simu huoni tofauti kwa sababu kioo ni kidogo. TV ya 4K ina nukta zaidi ya milioni 8, kwa hiyo kila nukta moja ya bibi yako itatandazwa kwenye nukta kama 20. Itajaza kwa kubahatisha. TV kubwa itaonyesha ubovu kwa ukubwa zaidi, ndiyo kazi yake. Toa faili lililomo kwenye simu uliyorekodia.

Kijana wa Mwera: Sawa, nimekuelewa. Lakini TV za siku hizi si zina teknolojia ya kusafisha picha?

Fundi Redio: Simu iko wapi mkuu?

*(baada ya saa mbili)*

Kijana wa Mwera: Simu niliiuza wiki iliyopita. Nilifuta kila kitu kabla sijamkabidhi mteja. Nilikuwa natafuta hela ya kutanguliza kwenye hiyo TV, dukani nimeshaacha laki tatu. Msinicheke, nilijua video ninayo kwenye grupu. Na TV ingehitajika hata hivyo, hii 32 imeshachoka.

Mlalahoi Namba Moja: Nafuta ushauri wangu wa mwanzo.

Kahawa Chungu: Wakuu, hii ni CHAI. Mtu anauza simu yenye video ya bibi ili anunue TV ya kuangalizia video ya bibi? Halafu mwaka jana huyuhuyu aliomba ushauri humu kuhusu mirathi ya bibi yake wa KAHAMA. Leo bibi kafia Pangani. Bibi gani huyo anakufa mara mbili?

Ngosha wa Igoma: Duh. Leteni na maandazi.

Mama Junior 88: Mimi nilishaanza kulia kumbe nanyweshwa chai!

Kijana wa Mwera: @Kahawa Chungu wa Kahama ni mzaa mama. Huyu ni mzaa baba. Wewe ulizaliwa na bibi mmoja?

Mlalahoi Namba Moja: 😂😂 Kahawa kajibiwa.

Kahawa Chungu: Weka picha ya risiti ya TV.

Shekhe Mpole: Tusimdhanie mtu vibaya. Marehemu hasingiziwi.

Kahawa Chungu: Nimeomba risiti, sijaomba hotuba.

Fundi Redio: Iwe chai au maziwa, wapo wengine wanasoma uzi huu wana tatizo hilohilo. Kijana, ile simu ilikuwa na Google Photos, ile programu ya kuhifadhi picha na video mtandaoni? Kama kuhifadhi kulikuwa kumewashwa, video iko kwenye akaunti yako hata kama simu imeuzwa. Ingia kwa kompyuta. Na mkitumiana tena, tumeni kama dokyumenti, hapo haibanwi.

*(kesho yake)*

Kijana wa Mwera: Wakuu, IPO! MB 740. Nimeingia kwa laptopu ya mdogo wangu, nenosiri lenyewe nimekisia mara sita. Bibi mpaka pete unaiona. Tatizo: kwenye TV ya 32 sauti inatoka, picha hakuna. Kwa hiyo nilikuwa sahihi, TV mpya inahitajika.

Fundi Redio: Hujawa sahihi. Simu yako ilirekodi kwa H.265, mfumo mpya zaidi wa kubana video, na TV nyingi za zamani hazisomi mfumo huo. TV nyingi za 4K zinausoma, hapo nakupa pointi nusu. Ila kuna programu ya bure inaitwa HandBrake. Iweke kwenye laptopu, badilisha iwe H.264, mfumo uliotangulia, faili la MP4, ukubwa acha 1080 vilevile. Hiyo 32 itafungua. Na kwenye seti ya TV punguza ukali wa picha, watu wanaupandisha mpaka mwisho na ndiyo unaotia michirizi.

Kijana wa Mwera: Asante sana mkuu, Mungu akubariki. HandBrake nitajaribu usiku. TV nayo naenda kumalizia hela Ijumaa, advansi hairudishwi.

Mama Junior 88: Nilijua tu.

Kahawa Chungu: Risiti bado sijaiona.

Mlalahoi Namba Moja: Mkuu, hiyo 32 iliyochoka unaiachia bei gani? Niko Tanga mjini, naifuata.