Tupeane uzoefu: kafyu na ajali za barabarani, wewe ilikukuta wapi?

Dada_wa_Bodaboda (mwanzisha mada)

Wapendwa, kila nikisikia mtu akisema kwamba wakati wa korona barabara zilikuwa salama kwa sababu watu walikaa nyumbani, moyo hunishika. Mdogo wangu alivunjika paja kwa sababu ya kafyu. Najua kafyu si gari, lakini ngoja nieleze.

Kenya tulianza kufungiwa usiku tarehe 27 Machi 2020, saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Jua lenyewe huzama saa kumi na mbili na nusu na kitu. Basi mafundi wa mjengo, mama mboga, wenye vibanda na watu wa viwandani walimwagika barabarani kwa wakati mmoja, giza linaingia, na kila mmoja anaangalia saa.

Mdogo wangu ni wa bodaboda, upande wa Githurai. Siku hiyo alikuwa ameshamshusha abiria wa mwisho na anarudi nyumbani. Ilikuwa saa moja kasoro dakika kumi. Matatu iliyokuwa ikiukimbiza muda ilipita wenzake kwa kushoto, kule kwenye vumbi, ikamgonga ubavuni. Haikusimama. Aliyemkimbilia ni mama wa mahindi choma, akamfunga paja kwa leso yake. Magari yalipita, madereva wakachungulia, wakaenda. Siwalaumu wote, maana mbele kulikuwa na kizuizi na watu walikuwa wameshaona virungu. Alilala kando ya lami hadi saa mbili kasoro, gari la wagonjwa lilipofika.

Mimi nilipata habari usiku ule ule na sikuthubutu kutoka. Nilimwona kesho yake. Alisubiri upasuaji siku 19 kwa sababu vyumba vya upasuaji vilikuwa vimebanwa, wakichukua wa dharura kabisa tu. Siku zote hizo mguu ulikuwa umening'inizwa kwa kamba na uzito, na mgeni alikuwa haruhusiwi kuingia.

Takwimu za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, zinanipa sababu ya kuandika. Waliokufa barabarani Kenya mwaka 2019 walikuwa zaidi ya 3,500. Mwaka 2020, mwaka wa kufungiwa, wakakaribia 4,000. Mwaka 2021 wakapita 4,500. Magari yalipungua, safari zikapungua, kaunti zikafungwa, na makaburi yakaongezeka. Naomba waliokuwepo tuelezane ilikuwaje: madereva, abiria, wauguzi, yeyote.

Zamu_ya_Usiku

Pole sana dada. Mimi ni muuguzi wa wodi ya mifupa, Pwani, na habari yako ningeweza kuiandika kwa majina ya wagonjwa kumi.

Kwanza niseme lililokuwa jema. Zamani Ijumaa na Jumamosi tulipokea majeruhi kuanzia saa sita usiku mpaka alfajiri, madereva waliolewa na abiria wao. Baa zilipofungwa Machi 2020, hao hawakuja tena. Kuna usiku wa Aprili nilikaa hadi asubuhi bila kupokea mtu hata mmoja wa ajali, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu nianze kazi.

Lakini saa zilihama. Majeruhi wakawa wanaletwa kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa moja, kwa mkupuo, wakati sisi tunabadilishana zamu. Halafu kukazuka kundi jingine ambalo ndilo lililoniumiza zaidi: wa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Hawa waliumia jioni, wakarudishwa nyumbani, wakafungwa vitambaa, wakasubiri kafyu iishe ndipo waje. Magari ya wagonjwa yaliruhusiwa kutembea usiku, lakini mtaani nani ana namba yake, na nani ana pesa zake? Mfupa ukitoboa ngozi unahitaji kusafishwa na dawa kuanza ndani ya saa chache. Jeraha likilala usiku mzima na mchanga ndani, tunapigana na usaha kwa miezi. Nimeona mguu ukikatwa ambao ungepona kama ungefika saa mbili usiku.

Na damu. Wachangiaji damu wetu wengi ni wanafunzi wa sekondari. Shule zilifungwa katikati ya Machi 2020 na wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Timu za kukusanya damu zilikosa pa kwenda. Paja likivunjika mtu anaweza kupoteza lita moja ya damu ndani kwa ndani bila tone kuonekana nje. Tulikuwa tunawapigia ndugu simu kuomba waje wachangie, nao wako ng'ambo ya kizuizi cha kaunti.

Watoto pia. Shule zimefungwa, uwanja hakuna, wanacheza barabarani. Hao sitawasahau.

Makanga_wa_Zamani

Nilikuwa kondakta wa matatu Nakuru mwaka ule na nitasema ukweli kwa upande wetu. Gari la abiria 14 tuliambiwa tubebe 8. Mwenye gari anataka hesabu yake ile ile, na siku ya kazi imekatwa jioni. Tulipandisha nauli, watu wakaanza kutembea kwa miguu. Kwa hiyo njia iliyobaki ilikuwa kuongeza raundi, na raundi haiongezeki bila mguu kukanyaga mafuta.

Raundi ya mwisho ndiyo ilikuwa ya hatari. Abiria wenyewe walikuwa wanapiga kelele, "Dere, kanyaga, tutalala ndani!" Mchana barabara nyeupe, hakuna foleni inayokulazimisha kupunguza, na dereva aliyezoea kutambaa akajikuta kwenye mia bila kujua. Gari letu liliacha njia mwezi wa tano. Abiria wanane, wote walitoka wazima isipokuwa mama mmoja aliyevunjika mkono. Nikimkumbuka nasema kama tungekuwa na 14 ingekuwaje. Kile kipimo cha abiria kilisaidia, nakiri. Haraka ndiyo iliyotuponza. Niliacha kazi hiyo na sikurudi.

Dada, kwa niaba ya yule aliyemgonga mdogo wako na hakusimama, mimi naomba msamaha. Najua si mimi. Naomba tu.

Mkazi_wa_Kampala

Huku Uganda bodaboda zilikatazwa kubeba abiria mwishoni mwa Machi 2020, na siku chache baadaye magari binafsi nayo yakasimamishwa. Tulibaki na mizigo. Abiria waliruhusiwa tena tarehe 27 Julai, na hata hapo mwisho saa kumi na mbili jioni.

Kwa miezi ile minne jiji lilinyamaza. Watu walitoa baiskeli zilizokuwa zimening'inia ukutani miaka kumi, breki zimekufa, wakaanza kwenda nazo kazini. Kampala ni vilima. Jirani yangu aliteremka mteremko wa Mengo, breki ikakatika, akaingia mtaroni na kupasuka kichwa. Kumpeleka mgonjwa kwa gari binafsi kulihitaji kibali cha RDC, mwakilishi wa rais wilayani. Hatukusubiri. Tulimweka kwenye mkokoteni wa ndizi, wanaume watatu tukasukuma hadi hospitali. Alipona, ila sikio la kushoto halisikii.

Sijui ajali ya namna hii iliandikwa kwenye daftari gani. Haina gari, haina polisi. Nadhani wengi wa kwetu hawakuhesabiwa.

Njia_Kuu_Mombasa_Malaba

Sisi wa malori hatukufungiwa, tulifungwa njiani. Mei 2020 foleni ya Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, ilirudi nyuma kilomita nyingi kwa ajili ya kupimwa korona na kungoja majibu. Unalala kwenye usukani siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Huwezi kusinzia sawasawa kwa sababu foleni ikisogea hatua mbili nawe usogee. Vijiji vilituogopa, hoteli zilitufungia mlango, hata maji ya kuoga ilikuwa shida.

Ukivuka, tajiri anapiga simu: umechelewa siku tano, fidia. Mwenzangu, tuliyeanza utingo pamoja, alisinzia akishuka kuelekea Jinja. Lori lilipinduka peke yake mchana kweupe, hakuna gari jingine mbele wala nyuma. Ndiyo barabara tupu hiyo mnayoisikia.

Mbagala_Kwetu

Shikamooni wakubwa. Tanzania hatukuwa na kafyu, ila shule zilifungwa tarehe 17 Machi 2020 na daladala zikaambiwa level siti, hakuna kusimama. Kituoni Mbagala asubuhi ilikuwa ni kugombea. Daladala tano zinapita zimejaa, ukichoka unapanda bodaboda, mnapakiwa wawili, kofia ngumu hakuna maana watu wanaogopa kuvaa kofia iliyovaliwa na mwingine. Hilo la kofia sijaona mtu akilisema. Mimi nilianguka Zakhem bila kofia kwa sababu hiyo hiyo, kuogopa korona. Nilishonwa nyuzi 11 juu ya jicho.

Binti_wa_Minnesota

Nipo Marekani, nahudumia wazee zamu ya usiku. Na huku yalikuwa hayo hayo: mwaka 2020 watu waliendesha maili chache kuliko 2019, lakini waliokufa barabarani wakaongezeka, wakapita 38,000. Nilikuwa narudi nyumbani alfajiri kwenye barabara kuu tupu, napitwa na magari kama risasi, na mara nyingi nilisimama pembeni nikatulie. Nilidhani ni huku tu.

Zamu_ya_Usiku

@Mbagala_Kwetu umenikumbusha. Hofu ya kofia tuliiona sana wodini. Wagonjwa wa kichwa walikuwa wakituambia maneno hayo hayo.

Abiria_wa_Ruiru

Msisahau ya 2021. Kaunti tano zilipofungwa tena mwishoni mwa Machi, kafyu ya kwetu ikarudi saa mbili usiku. Jumamosi ya tarehe 17 Aprili barabara ya Thika ilizibwa ilipopita saa mbili, tukakaa ndani ya magari kwa saa nyingi. Watoto wanalia, wagonjwa wako humo humo, gari la wagonjwa linapiga king'ora na halina pa kupenya. Mbele yetu kulikuwa na mwenye pikipiki aliyejaribu kukata kupitia mtaro wa katikati ili arudi, akaanguka. Tulimvua jaketi na kumshikilia shingo kwa mikono, kwa zamu, mpaka njia ilipofunguliwa. Tangu siku ile nimejifunza huduma ya kwanza.

@Dada_wa_Bodaboda, mdogo wako anaendeleaje sasa? Anaendesha bado?

Dada_wa_Bodaboda

Nimesoma yote, nimelia kwa ya Makanga_wa_Zamani. Nimemsomea mdogo wangu ule msamaha, akanyamaza kidogo, akasema nikuambie ameupokea.

Anaendesha. Chuma bado kiko ndani ya paja, mguu mmoja umekuwa mfupi kidogo, baridi ikiingia unamsumbua. Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, lakini ikifika saa kumi na mbili jioni yeye huzima injini popote alipo. Abiria wa jioni, ambao ndio wenye pesa, amewaachia vijana wengine wa stendi. Mama wa mahindi hakutaka kurudishiwa leso yake, basi anayo, ameifunga kwenye usukani wa pikipiki.

Wengine endeleeni kuandika, nasoma.