Gemu za kuuana ndizo zinamfanya mwanangu apige wenzake?

Mama Junior, Sakina: Habari za jioni wapendwa. Kijana wangu ana miaka 13. Wiki iliyopita kampiga mdogo wake ngumi mpaka mdomo ukavimba, kisa rimoti. Baba yake anasema ni zile gemu za risasi, maana akitoka shule anapitia banda la gemu Ngarenaro, na huko wanacheza GTA. Anataka nimpige marufuku kabisa. Mimi namkumbuka baba mtu alivyokuwa akipigana ujanani, na kwao hata umeme haukuwepo. Jamani, gemu zinafundisha ukatili kweli?

Fundi Pedi, Kijenge: Shikamoo mama. Mimi nina banda, mwaka wa sita huu, seti nne. Kwangu ugomvi haujawahi kuanzia kwenye bunduki. Unaanzia kwenye gemu ya mpira! Machalii wawili wamewekeana soda, mmoja kafungwa dakika ya 90, anadai kitufe kimenasa, hapo hapo ngumi. Mwaka huu nimezika pedi tatu za kuchezea, zote zimebamizwa chini na watu wa mpira. Wa GTA yuko kimya, anazunguka na pikipiki tu. Ila kwenye kava ya GTA pameandikwa 18, yaani umri, na mwenye sare ya shule kwangu haingii. Wengine wanapokea tu, hela ni hela.

Binti wa Moshi: Nasoma saikolojia. Chama cha wanasaikolojia cha Marekani, APA, mwaka 2015 kilisema gemu hizi zinahusiana na ukorofi. 2020 kikafafanua: uhusiano upo, mdogo, nao ni wa vitu kama kufoka na kusukumana, kuzibebesha vurugu kubwa, ushahidi hautoshi. 2019 watafiti wa Oxford waliangalia vijana kama 1,000 wa Uingereza, miaka 14 na 15, tabia zao wakawauliza wazazi. Hawakuona uhusiano. Halafu tuangalie na vipimo vyenyewe. Kuna majaribio ukali ulipimwa kwa pilipili: unammiminia kiasi gani mtu uliyeambiwa hapendi pilipili. Kwa kipimo hicho shangazi yangu wa Kiboriloni angekuwa ndani sasa hivi.

Mama Junior, Sakina: Marahaba Fundi. Binti, umenichekesha, asante. Fundi, hilo la sare ndilo limenitoa nyumbani. Jana nimekwenda Ngarenaro bila kumwambia. Nimemkuta benchi la nyuma, anaangalia wenzake wanavyocheza. Kumbe jero ninayompa, kuna mkubwa mmoja anamsubiri mlangoni na kumnyang'anya, tangu mwezi uliopita. Hiyo GTA hata kuicheza hajui.

Baba yake ndiyo anavaa viatu hapa. Ngoja nimuwahi.